Sura ya Tisa: Kutafuta Mahali Oili Inapotokea

Gari likianza kudondosha oili, wengi wetu hukimbilia dukani. Tunanunua gasketi, tunanunua sili, tunanunua chupa ya dawa ya kuzuia kuvuja, na mwisho tunanunua lita nyingine ya kujazia. Mwezi unapita, doa liko palepale chini ya gari. Sura hii inafuata mpangilio mwingine: osha kwanza, tazama, anza juu ukishuka chini, na hela itoke mfukoni baada ya hayo yote. Oili hufuata mteremko. Hutokea juu, huteleza ubavuni mwa injini, huzunguka bolti, husukumwa na upepo wa feni, ndipo idondoke mahali ambapo pengine pako mbali kabisa na penye ubovu. Anayetengeneza pale tone linapodondokea hutengeneza mahali pazima.

Kwa mtu wa Kigoma mpangilio huu una uzito wa pekee. Reli ya Kati iliyofika hapa mwaka 1914 ina kilomita zaidi ya 1,250 kutoka Dar es Salaam, na barabara nayo si fupi. Filta na plagi za Toyota za kawaida hupatikana Mwanga. Sili ya injini ya zamani, mara nyingi, itabidi uiagize Kariakoo au Ilala na kusubiri ije na basi. Ukikosea kutambua ubovu, umelipia mzigo, umepoteza siku, na gari bado linavuja. Kutambua ndiyo kazi yenyewe. Kufunga ni sehemu ndogo.

Magari ninayoyazungumzia ni yale yanayopanda na kushuka kila siku kati ya Mwanga, Gungu, Katubuka na Ujiji: Corolla na Carina za miaka ya 1990 zenye injini ya 5A, Hilux za dizeli zenye injini za 2L na 3L, Noah, Mark II na mengine ya rika hilo. Mengi yaliingia nchini yakiwa yameshatumika Japani, na mpira wa gasketi zake una miaka 20 au 30. Mpira unaochemka na kupoa kila siku kwa miaka yote hiyo hukakamaa, huacha kubonyea, na mwisho hupasuka. Kuvuja kwa gari la umri huo si fedheha, wala si dalili kwamba injini imekufa. Uvujaji mwingi wa namna hii unaweza kuumaliza uani kwako, kwa spana za kawaida na subira.

Oili na chuma

Injini inapofanya kazi vizuri, krenki shafti yake haisagani na beringi. Inazunguka juu ya utando mwembamba sana wa oili ambao pampu inausukuma bila kukoma. Pampu hiyo hunyonya kutoka kwenye sampu kupitia chujio. Oili ikipungua mno, mlima au kona kali inatosha kuikusanya upande mmoja na kuliacha chujio hewani. Taa nyekundu ya oili huwaka, na dakika chache za kuendesha hivyo zinaweza kuua beringi zilizodumu miaka 20.

Mwambao huu una ushahidi wake wa thamani ya mafuta kwa chuma. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Kigoma kuungwa upya, na ikashushwa majini Februari 1915. Vita vilipowaelemea Wajerumani, waliizamisha wenyewe Julai 1916 karibu na mdomo wa Mto Malagarasi. Kabla ya kuiachia ishuke, mafundi wake walizipaka mashine zake grisi nene ili maji yasizile. Waingereza walipoiinua mwaka 1924 mashine hizo zilikuwa bado zinafaa, na mwaka 1927 meli ilirudi kazini ikiwa na jina jipya. Mashine zilizolala miaka karibu 8 chini ya maji ziliokolewa na mafuta. Gari lako linalolala uani halihitaji miujiza ya namna hiyo. Linahitaji tu oili yake isitoke nje.

Hesabu ni hii. Injini nyingi ndogo za petroli hubeba lita 3 hadi 4 tu, na kati ya alama ya chini na ya juu kwenye stiki ya kupimia kuna takriban lita 1. Kwa hiyo oili ikishafika alama ya chini, umekwisha kupoteza robo au theluthi ya oili yote. Pima asubuhi, injini ikiwa imepoa na gari likiwa sehemu tambarare. Andika tarehe, kilomita na ulichoongeza. Daftari hilo litakuwa shahidi wako katika kila hatua inayofuata.

Kinachovuja ni nini?

Si kila doa ni oili ya injini. Tandika boksi la kadibodi chini ya gari usiku, weka alama palipo tairi za mbele, na asubuhi usome rangi. Oili ya injini ni ya kahawia au nyeusi. Mafuta ya giaboksi ya otomatiki ni mekundu, na ya stelingi ya pawa mara nyingi ni mekundu pia. Maji ya rejeta ni mepesi, ya kijani au ya waridi, na huacha alama nyeupe yakikauka. Mafuta ya giaboksi ya kawaida ni mazito na yana harufu kali ya kiberiti. Mafuta ya breki ni mepesi, na ukiyaona karibu na tairi usiliendeshe gari hilo hata kwenda sokoni.

Kuna pia gari linalopunguza oili bila kudondosha chochote. Tazama moshi wa ekzosi. Ukiwa wa buluu unapokanyaga mafuta baada ya kuteremka mlima, oili inaungua ndani, kupitia sili za valvu au ringi za pistoni. Huo ni ugonjwa mwingine, na hakuna gasketi ya nje itakayoutibu.

Jambo jingine la hapa kwetu ni miinuko. Nyua nyingi za Kigoma zina mteremko, na gari lililoegeshwa pua ikitazama ziwa hudondosha mahali tofauti na lililotazama mlimani. Kwa uchunguzi huu tafuta pa tambarare, hata kama ni kwa jirani.

Osha, endesha, tazama

Kabla ya kuosha, fungua boneti na usome vumbi. Vumbi jekundu la kiangazi hung'ang'ania kila penye oili. Penye tope kavu jeusi, nene na gumu, ni uvujaji wa siku nyingi. Penye unyevu unaong'aa juu ya tope hilo, uvujaji unaendelea leo. Fuata unyevu kwa kidole ukipanda, si ukishuka. Mahali pa juu kabisa penye unyevu ndipo pa kushuku.

Kisha osha. Injini iwe imepoa na waya hasi wa betri umefunguliwa. Funika kwa mifuko ya plastiki alteneta, distribyuta na mdomo wa kuvutia hewa. Tumia sabuni ya unga, maji ya uvuguvugu na brashi ya nailoni, na oshea mahali ambapo maji machafu hayatashuka mtaroni. Usioshe injini kwa petroli, hata kama umewaona wengi wakifanya hivyo: mvuke wake unasubiri cheche moja tu. Maji ya kasi ya mashine ya kuoshea gari nayo yaweke mbali, maana huingia kwenye soketi za umeme na kukuletea tatizo jipya usilokuwa nalo.

Injini ikishakauka, paka poda ya mtoto kwenye maeneo unayoyashuku: pembezoni mwa tapeti kava, chini ya distribyuta, nyuma ya puli ya krenki, kuzunguka filta. Washa gari, liache lifikie joto lake la kawaida, kisha liendeshe hadi Ujiji na kurudi. Ukifungua boneti utaona mstari mweusi umechora njia yake juu ya weupe wa poda, kuanzia pale unapotokea. Njia hii haigharimu kitu, na inawazidi watu kumi wanaokisia.

Injini ipumue

Kabla ya kugusa gasketi yoyote, kagua upumuaji wa injini. Pistoni zinaposukuma, gesi kidogo hupenya kando ya ringi na kuingia chini, kwenye sehemu ya krenki. Gesi hiyo ina njia yake ya kutokea: mpira unaotoka kwenye tapeti kava kwenda kwenye njia ya hewa, na kwa injini nyingi za petroli kuna kivalvu kidogo cha PCV. Njia hiyo ikiziba kwa masizi, shinikizo hupanda na oili husukumwa nje kupitia popote penye udhaifu. Hapo ndipo mtu hubadilisha gasketi leo, na baada ya mwezi inavuja tena, akamlaumu muuza duka.

Jaribio ni rahisi. Injini ikiwa inaunguruma taratibu, fungua kifuniko cha kujazia oili na uweke kipande cha karatasi nyepesi juu ya tundu. Kwa injini ya petroli yenye afya, karatasi huvutwa kidogo au hutulia. Ikirushwa juu, chomoa kivalvu cha PCV na ukitikise sikioni. Kikilia ndani, kinacheza. Kikiwa kimya, kimeganda kwa masizi. Kioshe vizuri au ununue kingine. Ni kifaa cha bei ndogo. Safisha na mipira yake, na uliopasuka ubadilishwe. Dizeli za zamani hupumua kwa nguvu zaidi, hivyo karatasi kupepea si ajabu. Lakini kama moshi unatoka hapo kwa mikupuo hata baada ya kuzibua mipira, ringi zimechoka, na hilo ni suala la kulizungumza na fundi.

Tapeti kava, mkono kwa mkono

Tapeti kava ndilo chanzo cha uvujaji mwingi kuliko kitu kingine chochote kwenye magari haya, na ndiyo kazi nzuri ya kuanza nayo. Liko juu kabisa, kwa hiyo oili yake huweza kujifanya imetoka popote chini yake. Ikishukia kwenye manifodi ya ekzosi hutoa harufu ya kuungua ndani ya gari, na inaweza kuwaka moto. Harufu hiyo ikikujia ukiwa umesimama kwenye foleni, usiiahirishe.

Kwenye injini ya 5A kuna dalili moja ya wazi. Chomoa waya za plagi uchungulie visima vyake. Ukikuta oili imetuama humo, sili za mirija ya plagi zimekwisha, na pengine ndizo zinazofanya gari liungurume vibaya asubuhi.

Nunua gasketi na sili za mirija kwa pamoja. Dukani taja aina ya injini, mwaka na namba iliyo kwenye kibati cha gari. Ukiagiza Dar, tuma picha ya gasketi ya zamani ikiwa imelazwa kando ya rula.

Injini iwe baridi kabisa. Zipe waya za plagi namba kwa utepe kabla ya kuzichomoa. Ondoa mipira ya kupumulia, kisha legeza nati kidogo kidogo kwa kupokezana, usimalize moja kabla ya nyingine. Kava likigoma kutoka, ligonge ubavuni kwa nyundo ya mpira au kwa kipande cha ubao. Usichokonoe kwa bisibisi katikati ya nyuso mbili, maana kila mkwaruzo utakaouacha ni mlango mpya wa oili. Likitoka, funika sehemu ya ndani kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, hasa msimu wa kiangazi ambapo upepo wa mchana hubeba vumbi.

Toa gasketi kuukuu. Itakuja ngumu, ikikatika vipande kama plastiki, na hiyo ndiyo sababu yenyewe ya kuvuja. Kwangua mabaki kwa kipande cha plastiki au mti mgumu, kisha futa nyuso zote mbili kwa kitambaa chenye tina kidogo mpaka kitambaa kitoke cheupe. Sehemu hii ndiyo inayofupishwa na wenye haraka, na ndiyo inayoamua kama kazi itadumu. Mpira mpya juu ya uso wenye mafuta huteleza na kujikunja.

Gasketi ya mpira huwekwa kavu, ndani ya mfereji wake. Silikoni inahitajika kwenye kona tu, pale vifuniko vya kamshafti vinapokutana na kichwa cha injini: tone dogo kila kona. Kupaka silikoni mzunguko mzima kunaonekana ni uangalifu, kumbe ni hatari. Ziada yake hubanwa kuelekea ndani, hukatika, huanguka kwenye sampu na kuziba chujio la pampu. Injini kadhaa zimekufa kwa silikoni iliyokusudiwa kuziokoa.

Rudisha kava kwa kulishusha wima. Kaza kwa mkono kwanza, kisha kwa spana, ukianzia katikati na kuelekea pembeni, kwa mizunguko miwili au mitatu. Nguvu inayotakiwa ni ndogo sana, kiasi cha nyutoni mita 6 kwa injini za aina hii. Kama huna spana ya kupimia, shika racheti karibu na kichwa chake na utumie nguvu za vidole, si za bega. Ukikaza kupita kiasi, bati la kava hupinda, mpira hupondeka, na oili hutoka kwa wingi kuliko mwanzo.

Kwa Land Rover za zamani na baadhi ya injini nyingine, gasketi hii ni ya koki. Ikikaa dukani muda mrefu hukauka na kusinyaa, matundu yakakataa kulingana na bolti. Iloweke kwenye maji kwa muda, ilaze sehemu bapa, nayo itarudi kwenye kipimo chake. Na kama haipatikani kabisa, mafundi wetu hukata mpya kutoka kwenye shiti ya koki: huilaza juu ya uso wa chuma na kuigonga ukingoni kwa nyundo ya duara mpaka chuma chenyewe kiikate. Ni ustadi wa kuheshimiwa, na ni vizuri kijana wa nyumbani kwako akaketi na kuujifunza.

Vidogo vinavyosahaulika

Kabla ya kufikiria makubwa, pitia vinne hivi.

Cha kwanza ni oringi ya distribyuta. Kwenye injini za 5A zenye distribyuta, kifaa hicho kimekaa ubavuni mwa kichwa cha injini, upande wa giaboksi. Oringi yake ikikakamaa, oili hushukia juu ya giaboksi na kuteremka mpaka kwenye maungio yake na injini. Hapo fundi mwenye haraka atakwambia, "Bosi, hii sili ya nyuma, tushushe giaboksi." Mjibu kwa adabu, "Fundi, tuoshe kwanza, tuangalie distribyuta." Kabla ya kuichomoa, chora mstari wa rangi unaopita juu ya distribyuta na kichwa cha injini ili uirudishe palepale, na asiwepo mtu wa kupiga stata ikiwa nje. Oringi yenyewe ni kipande cha mpira cha bei ya chini kuliko nauli ya kukifuata.

Cha pili ni swichi ya oili, ile yenye waya mmoja unaowasha taa nyekundu. Huvuja katikati, pale plastiki inapoungana na chuma. Ukichomoa kiungio cha waya ukakuta ndani kuna oili, badilisha swichi.

Cha tatu ni filta na nati ya kumwagia oili. Mpira wa filta ya zamani wakati mwingine hubaki umeganda kwenye injini. Filta mpya ikifungwa juu yake, mipira inakuwa miwili, na oili inaweza kumwagika yote barabarani. Papasa uso huo kwa kidole kila unapobadilisha. Paka oili mpira mpya, zungusha filta mpaka iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko kwa mkono. Nati ya kumwagia nayo ina washa laini inayopondeka inapokazwa. Weka mpya kila mara, na usijaribu kuizuia nati isivuje kwa kuikaza zaidi, maana nyuzi za sampu zikishaliwa kazi inakuwa kubwa.

Cha nne ni cha wenye Hilux na dizeli nyingine za Toyota. Nyuma ya alteneta kuna pampu ya vakyumu ya breki inayolishwa oili ya injini kwa mipira yake. Mipira hiyo huchoka. Oili ikianza kuingia ndani ya alteneta, utaanza kwa kuvuja na kumalizia kwa kukosa chaji.

Sili za mbele

Oili ikionekana nyuma ya puli ya krenki au ikitoka chini ya kava la taiming belti, sili ya krenki au ya kamshafti imekwisha. Usiiache. Oili hulainisha na kuozesha mpira wa belti, na belti ikikatika kati ya Kasulu na Kibondo utalala hapo. Kazi hii inataka kufungua belti, kwa hiyo ipange pamoja na kubadilisha belti yenyewe, ambayo kwa injini nyingi za aina hii hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kama hujawahi kupanga alama za taiming, mwite fundi, kaa naye, shika tochi, tazama.

Hata hivyo ununuzi wa sili usimwachie mtu. Usoni mwa sili nyingi kuna namba tatu, mfano 35, 50 na 8: kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene, vyote kwa milimita. Namba hizo zinakuwezesha kuagiza kwa simu bila kukosea. Kwenye kufunga, upande wenye springi hutazama ndani, kwenye oili, na mdomo wa mpira hupakwa oili kwanza ili usiungue mizunguko ya mwanzo. Pitisha ukucha juu ya shafti pia. Ukihisi mfereji uliochimbwa na sili ya zamani, ingiza mpya kwa kina pungufu cha milimita 1 au 2, ili mdomo wake upate chuma kisicholika.

Sili ya nyuma na sampu

Sili ya nyuma ya krenki iko kati ya injini na giaboksi. Kuifikia ni kushusha giaboksi, kazi ambayo haifai kufanywa chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki na mawe. Watu hufa hivyo. Hata kwa kazi ndogo za chini tumia stendi za chuma mbili, kwenye ardhi ngumu, na tairi za upande wa pili zizuiwe.

Ukishathibitisha kwa poda kwamba juu kote ni pakavu na oili inatoka kweli kwenye maungio ya giaboksi, pima kasi yake kwa daftari. Kama ni matone machache usiku na oili haishuki kwenye stiki kati ya huduma na huduma, subiri siku ya kubadilisha klachi, sili ibadilishwe kwa gharama ya ufunguaji mmoja. Kama klachi imeanza kuteleza kwa sababu ya oili, au unaongeza lita kila wiki chache, usisubiri.

Sampu za injini nyingi za Toyota hazina gasketi ya karatasi. Zimegandishwa kwa silikoni. Kuzikaza bolti zaidi hupinda ukingo wa bati kuzunguka kila tundu na kuongeza mwanya. Tiba ni kuishusha, kunyoosha ukingo kwa nyundo juu ya ubao, kusafisha, kupaka mstari mwembamba wa silikoni unaopita upande wa ndani wa matundu ya bolti, na kuipa muda wa kushika kama tyubu inavyoelekeza kabla ya kumimina oili.

Chupa za dawa na oili nzito

Dawa za kuzuia kuvuja hufanya kazi moja: hulainisha na kuvimbisha kidogo mpira uliokakamaa. Kwa sili ya nyuma inayotoa matone, zinaweza kukusogeza mbele kidogo. Kwa gasketi iliyopasuka, oringi iliyokatika au uso uliopinda, hazifanyi lolote, kwa sababu hakuna cha kuvimba. Oili nzito zaidi nayo hupunguza kasi ya kutoka, na hali ya hewa ya Kigoma haina baridi ya kuigandisha, lakini mwanya unabaki vilevile. Tumia vitu hivi kama njia ya kununua muda, ukijua ni muda wa kufanya nini.

Oili chafu na ziwa

Kila kazi iliyoelezwa katika sura hii huzalisha oili chafu, na mji wetu una ziwa chini yake. Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani, na limebeba takriban sehemu moja ya sita ya maji baridi yote yaliyo juu ya ardhi bila kuganda. Mto mmoja tu, Lukuga, ndio unaoyatoa nje kuelekea Kongo. Sehemu kubwa ya maji hupotea kwa jua. Kinachoingia humo hakina haraka ya kuondoka. Kutoka humo tunachota maji ya kunywa, na humo ndimo wamo dagaa na migebuka wanaouzwa Kibirizi na kusafirishwa nchi nzima.

Nchi nne zinazolizunguka, Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zilitia saini mkataba wa kulilinda jijini Dar es Salaam mwaka 2003. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu zinazoweza kuathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Lakini mkataba haushuki uani kwako kushika beseni. Mvua ya Novemba husomba kila kilichomwagwa kwenye mitaro ya Mwanga na Bangwe na kukishusha ziwani, kiwe kimemwagwa na kiwanda au na mtu mmoja mwenye Corolla.

Kwa hiyo kinga kwa beseni pana, mimina kwenye dumu lenye kifuniko, liandike ili mtu asilidhanie la mafuta ya kula, na ulipeleke gereji inayokusanyia wanunuzi wa oili chafu. Usiimwage chooni, usiipake mtumbwi, usiichanganye na maji wala petroli, maana ikichanganyika haitakubaliwa. Vitambaa vilivyolowa vikaushwe nje mbali na moto kabla ya kutupwa. Na tone linalodondoka barabarani kila siku liingie kwenye hesabu hiyohiyo: linafika ziwani polepole, lakini linafika. Ukimaliza kazi, rudisha kadibodi safi chini ya gari na uitazame kwa wiki nzima. Ikibaki kavu, funga daftari. Ikipata doa, rudia mwanzo wa sura hii: osha, na uanze juu.